Nanochembe za majani na rangi za viwandani: maji kuwa meupe hakutoshi

Anayetengeneza nanochembe za fedha, yaani chembe ndogo mno za metali hiyo, kwa majani huona mambo mawili ya kufurahisha mapema sana. Kwanza, maji yasiyo na rangi hugeuka ya kahawia mbele ya macho yake. Pili, matone machache ya maji hayo yakitiwa kwenye rangi ya buluu pamoja na borohidridi ya sodiamu, kemikali inayotoa elektroni kwa nguvu, buluu yote hutoweka ndani ya dakika chache. Yote mawili ni ya kweli. Lakini la kwanza halithibitishi kwamba umepata fedha tupu, na la pili halithibitishi kwamba uchafu umeondoka majini. Tuliyojifunza katika kazi hii karibu yote yanahusu pengo hilo, kati ya kinachoonwa na jicho na kilichotokea ndani ya chombo.

Msingi wenyewe ni rahisi. Ioni ya fedha hupenda sana kupokea elektroni, na majani yana polifenoli na flavonoidi ambazo huzitoa bila taabu. Ioni ikipokea elektroni inakuwa atomu, atomu zinakusanyika kuwa chembe, na molekuli zilezile za majani zinaizunguka chembe na kuizuia isishikamane na wenzake. Kwa hiyo mchemsho wa majani hufanya kazi mbili, kutoa elektroni na kuvika chembe, na matatizo mengi huanzia pale kazi moja inapokwenda kasi kuliko nyingine.

Mchemsho wa majani

Majani yaoshwe, yasuuzwe mara mbili kwa maji yaliyokenekwa, yaanikwe kivulini hadi yavunjike yakifinywa, kisha yasagwe na kuchekechwa. Chukua gramu 5 za unga kwa mililita 100 za maji yaliyokenekwa, pasha moto nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 30 huku ukikoroga. Usiyaache yatokote kwa nguvu muda mrefu: wanga na utomvu hutoka kwa wingi, karatasi ya kuchujia inaziba, na sehemu ya polifenoli inaharibika. Chuja kwa kitambaa, halafu kwa karatasi, halafu zungusha kwenye sentrifuji mizunguko 4,000 kwa dakika kwa dakika 10 ili vumbi laini lishuke. Vumbi hilo lisipotolewa, kila punje yake inakuwa mahali pa fedha kujikusanyia, na unapata chembe za kila saizi.

Mchemsho utumike siku hiyohiyo. Kwenye friji, nyuzi 4, unavumilia siku mbili tatu, kisha huanza kuwa mweusi kwa sababu oksijeni imekwisha kula polifenoli ulizokuwa unazitegemea.

Watu hubishana sana kuhusu mmea gani ni bora: mwarobaini, mpera, chai ya kijani, mkaratusi. Kwa maoni yetu ubishi huo hauna uzito unaopewa. Kinachoamua ni kiasi cha polifenoli na kiasi cha kloridi, na vyote viwili hubadilika ndani ya mmea mmoja kwa msimu, umri wa jani na udongo. Saga unga mwingi kwa mkupuo mmoja, uhifadhi mkavu gizani, na upime jumla ya fenoli kwa kipimo cha Folin-Ciocalteu ukilinganisha na asidi ya galiki. Bila namba hiyo, mtu wa pili hawezi kurudia kazi yako hata akitumia mti uleule.

Kloridi, adui asiyeonekana

Nitrati ya fedha, chumvi inayoleta ioni za fedha katika kazi hii, ikikutana na kloridi hutoa kloridi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka. Kizidisho cha umumunyifu wake ni takriban 1.8 × 10⁻¹⁰, maana yake ni kwamba ndani ya mmumunyo wa fedha wa milimoli 1 kwa lita, kloridi kidogo mno inatosha kuanza kuutoa unga huo. Chukua maji ya bomba yenye kloridi miligramu 10 kwa lita, ambayo kwa kunywa ni maji mazuri kabisa. Hiyo ni milimoli 0.28 kwa lita. Zaidi ya robo ya fedha yako imekwenda kabla majani hayajafanya lolote. Ndiyo maana maji ya bomba hayaingii popote katika kazi hii, hata kwenye suuzo la mwisho la bika.

Kizito zaidi ni kwamba majani yenyewe yana kloridi, na mchemsho unaichukua. Hiyo huwezi kuiepuka kwa kununua maji mazuri. Mmumunyo ukiwa na ukungu mweupe dakika ya kwanza baada ya kuchanganya, kisha ukaelekea zambarau au kijivu ukiwa mbele ya dirisha, umeiona. Kwenye kipimo cha mionzi ya eksirei, fedha halisi hutoa vilele karibu na pembe za nyuzi 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4, kloridi ya fedha hutoa vilele karibu na 27.8, 32.2 na 46.2. Vilele hivi vya pili huonekana mara nyingi katika kazi za majani, na mara nyingi huelezwa kijuujuu kuwa ni "fuwele za viumbehai". Vilinganishe na kloridi ya fedha kwanza. Suala hili si la jina tu: kloridi ya fedha yenye chembe za fedha juu yake ni kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko) kinachofanya kazi kwa nguvu ya mwanga, kwa hiyo ukijaribu kuvunja rangi chini ya taa, huenda sifa unayoipa fedha ni ya mwenzake.

Kuchanganya

Miligramu 17 za nitrati ya fedha katika mililita 100 za maji hutoa milimoli 1 kwa lita. Chukua mililita 90 za mmumunyo huo kwenye chupa iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, zipashe hadi nyuzi 60, kisha tia mililita 10 za mchemsho taratibu huku kikorogeo kikizunguka. Kama unataka kupandisha pH, pandisha ya mchemsho kabla ya kuuchanganya, kwa matone ya hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, hadi 8 au 9. Ukiitia hidroksidi kwenye fedha moja kwa moja, pale tone linapodondokea hutokea oksidi ya fedha, tope la kahawia ambalo jicho haliwezi kulitofautisha na nanochembe. Alkali kiasi husaidia kwa sababu fenoli iliyopoteza protoni hutoa elektroni kwa wepesi zaidi; ikizidi, inaharibu.

Rangi hupita njano, kahawia ya manjano, kahawia iliyokolea. Kila dakika 10 chota kidogo, zimua mara kumi, soma kwenye spektrofotomita, chombo kinachopima mwanga unaonyonywa, kati ya nanomita 300 na 700. Kilele cha fedha huwa kati ya 400 na 450. Kilele chembamba kinachopanda bila kuhama ni dalili njema: chembe zinaongezeka idadi. Kilele kinachohamia kulia na kupanuka kinasema chembe zinakua au zinashikamana. Kilele kikiacha kupanda katika usomaji miwili mitatu mfululizo, zima moto. Kuendelea kupasha "ili ikamilike" hukomaza chembe kuwa kubwa, na chembe kubwa ina uso mdogo kwa kila gramu.

Mmumunyo ukiwa mweusi mara moja na kuacha masizi chini, mchemsho ulikuwa mkali mno au moto ulizidi. Punguza mililita 10 kuwa 5 na ujaze maji. Kisipotokea kitu kwa saa nzima, angalia pH kwanza, kwani mchemsho wenye asidi huchelewa sana. Kioo kikipata utando wa fedha, bika haikuwa safi: mabaki ya kazi iliyopita yamekuwa mbegu. Vyombo vya fedha vioshwe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Maji ya kifalme, yaani mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na nitriki, yanafaa kwa dhahabu. Kwa fedha huacha kloridi ya fedha kwenye kuta. Na mtu akitumia amonia kusafisha, mabaki hayo yazimuliwe, yatiwe asidi na kutupwa kwenye chupa ya taka za fedha siku hiyohiyo. Mmumunyo wa fedha na amonia ukiwekwa kwa muda huzaa unga unaolipuka kwa kuguswa tu.

Kuosha ndiko kunakoamua

Zungusha mizunguko 12,000 kwa dakika kwa dakika 20, mwaga maji ya juu, tawanya tena ndani ya maji safi, rudia mara tatu. Maji ya juu yakiendelea kuwa ya njano, hizo ni chembe ndogo zaidi, zilizo bora kwa kazi ya kichocheo, na unazimwaga. Ongeza muda wa kuzungusha. Usizikaushe kama si lazima. Chembe zilizokauka nyuzi 60 hushikana, na mtikiso wa sauti hauzitenganishi zote. Kausha kiasi cha kipimo tu, nyingine ziache majini, gizani.

Kuna sababu tatu za kuosha kwa bidii, na ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Ya kwanza, polifenoli zilizobaki hunyonya mwanga na kuvuruga usomaji upande wa urujuanimno. Ya pili, polifenoli hukamata radikali za hidroksili, vipande vikali vinavyovunja molekuli, yaani zinalinda rangi unayotaka kuivunja. Ya tatu, ioni za fedha ambazo hazikugeuka zitakutana na borohidridi kwenye jaribio na kugeuka chembe mpya papo hapo. Hapo unapima kazi ya chembe zilizotengenezwa na borohidridi, huku ukiziandika kuwa za majani.

Jaribio la rangi

Kwa methilini bluu, ile rangi ya buluu ya majaribio, kilele ni nanomita 664, na kina bega karibu na 610 ambalo huongezeka rangi inapokolea kwa sababu molekuli huungana mbili mbili. Miligramu 10 kwa lita husoma zaidi ya 2, juu mno kwa kipimo cha kuaminika. Ndani ya kyuveti, kichupa cha kusomea kwenye spektrofotomita, tia mililita 1.5 za rangi hiyo, mililita 1.0 ya maji, na mililita 0.3 za borohidridi ya moli 0.1 kwa lita iliyotengenezwa sasa hivi kwa maji ya barafu (miligramu 38 kwa mililita 10). Malizia kwa mililita 0.2 za nanochembe. Rangi inakuwa miligramu 5 kwa lita, na borohidridi inaizidi kwa moli zaidi ya mara mia sita, kwa hiyo kasi inategemea rangi peke yake na mstari wa ln(A₀/A) dhidi ya muda (A ni usomaji wa sasa, A₀ ni wa mwanzo) unanyooka. Usifunge kifuniko: haidrojeni inatoka, na ukikifunga, kinaruka. Mapovu yakishika ukuta wa kyuveti usomaji unayumbayumba. Gonga kidogo kwa kidole kabla ya kila usomaji.

Mstari ukichelewa kuanza kupanda, mara nyingi ni oksijeni iliyo majini inayorudisha rangi kwa kasi ileile inayoondolewa. Si lazima kiwe kichocheo kibovu.

Vipimo vya kulinganisha ni vinne, na havipunguzwi: rangi na borohidridi bila chembe; rangi na chembe bila borohidridi, gizani kwa nusu saa, ili kujua kiasi kilichonatia tu juu ya chembe; rangi, borohidridi na mchemsho mtupu uliozimuliwa sawa; na rangi, borohidridi na maji ya suuzo la mwisho. Hiki cha nne ndicho kinachofichua ioni zilizobaki. Kikifanya kazi nusu ya chembe zenyewe, rudi kwenye sentrifuji.

Weupe unaodanganya

Methilini bluu ikipokea elektroni mbili huwa umbo lisilo na rangi, liitwalo leuko. Molekuli bado ni nzima. Ni kemia ileile ya jaribio la chupa ya buluu lililozoeleka madarasani, ambapo rangi hutoweka chupa ikitulia na kurudi ikitikiswa. Hakikisha hivi: rangi ikiisha, ondoa chembe kwa sentrifuji, ua borohidridi iliyobaki kwa matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa ndani ya kabati la hewa, rudisha pH kwenye 7 au 8, kisha pitisha hewa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki kwa saa moja au zaidi na usome tena 664. Buluu ikirudi, hukuvunja kitu, uliificha.

Methili oranji, yenye kilele 464, ni tofauti. Borohidridi na kichocheo hukata kile kifungo cha nitrojeni mbili, na rangi hairudi. Lakini vipande vinavyobaki ni asidi ya sulfaniliki na amini yenye pete ya benzini, na vipande vya namna hiyo visipimwe kwa jicho. Rangi nyekundu ya Kongo ni onyo kubwa zaidi: ikikatwa kwa njia hii hutoa benzidini, inayotambuliwa kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Maji mekundu yamekuwa meupe na yamekuwa mabaya zaidi. Hatuoni sababu ya mtu yeyote kuitumia rangi hiyo kuonyesha "usafishaji" kwa borohidridi.

Na borohidridi yenyewe? Kwenye kyuveti ile ukolezi wake ni milimoli 10 kwa lita, sawa na boroni miligramu 108 kwa lita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2.4. Umetoa miligramu 5 za rangi na kuingiza boroni mara arobaini na tano ya kiwango hicho. Kwa hiyo jaribio la borohidridi ni kipimo kizuri cha kulinganisha kichocheo na kichocheo, basi. Halisafishi maji ya kiwanda, na anayeliandika kama njia ya kijani anawapotosha wanaotafuta suluhisho la kweli.

Chuma na peroksidi

Anayetaka kuvunja molekuli hadi mwisho aende kwenye radikali za hidroksili, na njia ya bei nafuu ni chuma na peroksidi ya haidrojeni, kemia aliyoieleza Henry Fenton mwaka 1894. Kloridi ya feriki ikichanganywa na mchemsho wa chai huwa nyeusi papo hapo. Wengi huandika kwamba wamepata chuma halisi cha nano. Weusi huo kwa kiasi kikubwa ni ule wa wino wa kale: chuma kilichofungwa na polifenoli. Ili kuwa metali, chuma kinahitaji msukumo mkubwa kuliko fedha (volti −0.44 dhidi ya +0.80), na polifenoli haziutoi kirahisi. Chembe zako zisipokuwa na kilele cha eksirei karibu na 44.7, na zisipotoa haidrojeni kwenye asidi, usiziite chuma halisi.

Hata hivyo zinafanya kazi. Polifenoli hurudisha chuma cha feriki (Fe³⁺) kuwa cha ferasi (Fe²⁺), na hicho ndicho kinachoichana peroksidi. Weka pH karibu na 3; ikipita 4 chuma huanza kudondoka kama kutu. Tia peroksidi kwa vipimo vidogo vidogo, kwa kuwa ikizidi hula radikali ilizozizalisha yenyewe. Kwa methili oranji kumbuka kwamba chini ya pH 3.5 inakuwa nyekundu na kilele chake kinahamia karibu na 505. Anayeendelea kusoma 464 ataona "upungufu" mkubwa kabla hata peroksidi haijaingia.

Kipimo kinachokata shauri ni kaboni yote iliyo majini, au mahitaji ya oksijeni ya kikemia. Peroksidi iliyobaki hupandisha kipimo hiki cha pili, kwa hiyo iondoe kwanza. Na hapa mchemsho unarudi kudai hesabu. Methilini bluu miligramu 5 kwa lita ina kaboni miligramu 3. Tuseme mchemsho ulikuwa na gramu 10 za vitu vilivyoyeyuka kwa lita, ukazimuliwa mara kumi wakati wa kutengeneza chembe, na hukuosha. Mililita 0.2 ndani ya 3 zinaleta karibu miligramu 67 kwa lita, na asilimia 40 ya hizo ikiwa kaboni, umeongeza kaboni takriban mara tisa ya ile ya rangi. Maji yametoka meupe, yakiwa na uchafu mwingi kuliko yalivyoingia.

Maji ya kiwanda

Maji ya kiwanda cha nguo si rangi na maji yaliyokenekwa. Upakaji wa pamba kwa rangi tendaji hutumia chumvi makumi ya gramu kwa lita na pH ya 10 hadi 11, na sehemu ya rangi isiyoshika kwenye nyuzi hutoka humo humo. Chumvi huvunja msukumano wa umeme unaotenganisha chembe, zinashikana na kuzama, na kloridi inakula uso wa fedha. Kabla ya kutoa dai lolote, rudia jaribio lako ndani ya maji yenye gramu 50 za chumvi ya sodiamu kwa lita na pH 10. Chembe nyingi zinazong'ara kwenye maji safi hazivuki hapo.

Kuzirudisha ni shida nyingine, maana sentrifuji ya mizunguko 12,000 haiwekwi kwenye mfereji. Njia ya kawaida ni kuzifunga ndani ya shanga za alginati (jeli itokanayo na mwani): tawanya chembe kwenye alginati ya sodiamu ya asilimia 2, dondosha ndani ya chumvi ya kalsiamu ya moli 0.1 hadi 0.2 kwa lita, acha zikomae saa kadhaa. Kwa fedha tumia nitrati au laktati ya kalsiamu badala ya kloridi, kwa sababu tunazozijua sasa. Udhaifu wa shanga ni kwamba sodiamu nyingi humfukuza kalsiamu, zinavimba na kupasuka, hivyo kwa maji ya chumvi nyingi ni bora chembe zishikwe juu ya mkaa au silika.

Baada ya kila mzunguko pima fedha iliyoyeyuka ndani ya maji yaliyochujwa, kwa sababu fedha ni sumu kwa viumbe wa majini hata kwa kiasi kidogo. Pia toa shanga katikati ya jaribio na uendelee kusoma: rangi ikiendelea kupungua bila shanga, kinachofanya kazi kimeshavuja. Kasi ikishuka mzunguko hadi mzunguko huku fedha ikipanda majini, unapoteza kichocheo. Ikishuka bila fedha kuonekana, uso umezibwa na mabaki ya rangi. Osha kwa ethanoli, suuza kwa maji yaliyokenekwa, na uzirudishe kazini.